Maswali na Majibu: Kumkumbuka mama aliyeishi miaka mingi na kutoa vingi

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu jambo moja: mama aliyefika uzeeni, aliyegawa alichokuwa nacho, na watoto wanaotaka kumkumbuka sawasawa. Wapo wenye msiba wa juzi na wapo ambao mama bado yu hai. Tumeanza na wenye haraka.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu mama na zimebaki siku mbili. Nimejaza kurasa nne. Ndugu zangu wanasema ni nzuri, mimi naona ni wasifu wa mama yeyote yule. Nifanyeje? – Kifungua mimba

Pole sana kwa msiba, ndugu. Jicho lako linaona sawa, basi lifuate.

Kwanza urefu. Kiswahili kikisomwa kwa utulivu unaofaa msibani huenda maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Kurasa nne zilizochapwa kwa nafasi ya kawaida hupita maneno 1,600, yaani robo saa na ushei, na watu waliosimama huacha kusikiliza mapema zaidi ya hapo. Dakika 6 zinatosha. Lenga maneno 600.

Sasa chukua kalamu upigie mstari kila sifa uliyoandika: mpole, mkarimu, mcheshi, mwenye upendo. Kila moja iulize: alifanya nini? Ukipata jibu, andika jibu na uiache sifa. Usipopata, futa. "Alikuwa mkarimu" haimwonyeshi mtu yeyote. "Akiandaa meza aliweka sahani mbili zaidi ya idadi ya watu waliokuwamo ndani" inamwonyesha mama mmoja tu. Kuna kipimo rahisi cha kujua kama umemaliza: futa jina lake, weka la jirani. Wasifu ukiendelea kusomeka vizuri, bado hujamwandika mama yako.

Mambo ya namna hii huyapati kwa kuuliza watu "mnamkumbukaje mama?" Swali pana huleta majibu mapana, na utarudishiwa zile zile sifa ulizofuta. Uliza maswali membamba. Kitu cha mwisho alichokupa ni kipi? Ulipokosea alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe? Akikaa bila kazi mikono yake ilikuwa inafanya nini? Alikuwa akigombana na nani kuhusu nini? Watumie ndugu maswali matatu tu, wakujibu kwa sauti isiyozidi dakika 2, na uweke saa ya mwisho ya kupokea. Mkusanyaji awe mmoja. Wakiwa wawili, kila mmoja atafikiri mwenzake amempigia shangazi.

Mgawo wa maneno 600 unaweza kuwa hivi: kuzaliwa, ndoa na kazi, 80; mambo mawili au matatu aliyoyafanya, yaelezwe hadi mwisho, 350; maradhi na kifo, 50; hesabu ya familia na shukrani, 120. Kosa tunaloliona mara nyingi liko kwenye maradhi. Mtu ameishi miaka 80 na zaidi, ameugua miezi 4, halafu theluthi nzima ya wasifu inazunguka wodini. Ni kwa sababu hayo ndiyo yaliyo karibu akilini mwa mwandishi. Ukishamaliza kuandika, hesabu mistari.

Wajukuu wa mama tumehesabu mara tatu, tumepata idadi tatu. – Wachanganyikiwa

Msihesabu vichwa, hesabuni matawi. Andikeni watoto wote aliowazaa kwa mpangilio wa kuzaliwa, walio hai na waliomtangulia, na mbele ya kila mmoja idadi ya watoto wake. Tuseme alizaa 8 na wawili wametangulia. Sita walio hai wana watoto 5, 4, 0, 7, 3 na 2: jumla 21. Wawili waliotangulia waliacha 3 na 1. Wajukuu ni 25, si 21. Watoto wa marehemu ndio husahaulika, na wao ndio huumia zaidi wakisikia hesabu iliyowaacha nje. Vitukuu na vilembwe hesabuni kwa njia hiyo hiyo.

Kabla ya kujumlisha, amueni jambo moja: watoto aliowalea bila kuwazaa wanaingia wapi? Kwa mama mkarimu kundi hili linaweza kuwa kubwa kuliko la aliowazaa. Ushauri wetu ni kulitaja peke yake, "alizaa watoto 8 na kulea wengine 6", ili ukweli ubaki ukweli na asiwepo wa kujiona mgeni.

Nitausoma wasifu mimi mwenyewe na najua nitalia. – Binti yake

Kulia si tatizo. Tatizo ni kupotea kwenye karatasi baada ya kulia. Chapa kwa maandishi makubwa, ukubwa wa 16, mistari ikiwa na nafasi mbili, upande mmoja tu wa karatasi. Sentensi isivuke ukurasa: ikibaki nusu, isukume yote ukurasa unaofuata. Weka namba za kurasa na usizibane kwa pini, kwani kurasa zilizobanwa hugeuka vibaya kwenye upepo au mikono inayotetemeka.

Soma kwa sauti mara mbili nyumbani, ukiwa umesimama. Pale sauti inapokatika utapajua, na hapatakuwa mahali pengi, kwa kawaida ni sentensi moja au mbili. Igawe sentensi hiyo iwe fupi fupi. Weka alama ya pumzi kabla yake. Sentensi yenyewe usiiweke mwanzoni kabisa, maana sauti inahitaji kama dakika nzima kutulia. Ukikwama, nyamaza, shusha pumzi ndefu, kisha uanze upya mwanzo wa sentensi, si katikati. Na nakala ya pili iwe mkononi mwa mtu aliyesimama karibu, ambaye naye ameisoma kwa sauti angalau mara moja. Nakala iliyobaki mfukoni mwa mtu wa safu ya nyuma haitakusaidia.

Mama hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho kina mwaka mmoja, daftari la kliniki lina mwingine, na shangazi ana wake. Tuandike upi? – Kitinda mimba

Mwaka unaweza kubanwa pande mbili. Upande wa chini: mwanamke ni nadra kujifungua akiwa amepita miaka 45. Kama kitinda mimba ulizaliwa 1978, basi mama hakuzaliwa mapema sana kuliko 1933. Upande wa juu: kumbukumbu za kueleweka za mtu huanzia umri wa miaka 3 au 4. Kama alikuwa akisimulia kwa macho yake mwenyewe jambo la mwisho wa Vita Kuu ya Pili, 1945, basi alizaliwa 1941 au kabla. Tayari mko kati ya 1933 na 1941.

Endeleeni kubana kwa ndugu zake. Nani alimtangulia, nani alimfuata ziwa, na yupi kati yao ana tarehe iliyoandikwa? Kama mdogo wake aliandikwa kuzaliwa 1938 na nafasi kati ya watoto wa nyumba ile ilikuwa kama miaka miwili, basi 1936 ni kadirio zuri. Angalizo: hakikisheni alichosimulia alikiona, hakuhadithiwa. Mtu aliyeona hutaja vitu vya pembeni visivyo na maana, kama vile alikuwa amevaa nini au nani alimshika mkono. Aliyehadithiwa hutaja tukio lenyewe tu.

Kuhusu karatasi, ile iliyoandikwa karibu zaidi na tukio ndiyo huaminika zaidi. Tarehe 1 Januari au 1 Julai kwenye kitambulisho cha mzee mara nyingi ni alama kwamba karani alikadiria. Kwenye wasifu na jiwe andikeni "takriban 1936". Kwenye karatasi za kisheria, kama za mirathi na benki, tumieni kilichomo kwenye kitambulisho hata kama mnajua si sahihi, kwa sababu karatasi zisipofanana kazi husimama.

Mama, mtoaji tangu zamani, ana miaka 84, kumbukumbu zimeanza kupungua. Nataka kumrekodi lakini kila nikimuuliza anasema ameshasahau. – Mwanawe wa tatu

Huenda swali lako ndilo linalomfunga. "Unakumbuka…?" ni mtihani, na mzee anayejua kwamba kumbukumbu zinamtoroka hataki mtihani mbele ya mwanawe. Sema "nisimulie". Au usiulize kitu, mpe kitu mkononi: picha ya zamani, kitambaa, chombo alichokuwa akifanyia kazi. Mkono hukumbusha mdomo.

Kumbukumbu za karibuni ndizo hutoweka kwanza. Zinazodumu sana ni za takriban umri wa miaka 10 hadi 30, basi anzia huko. Njia ambayo haishindwi mara nyingi ni kutembea ndani ya nyumba aliyokulia: "Tumefika mlangoni. Tukiingia, mkono wa kulia kuna nini? Nani analala hapo?" Chumba baada ya chumba. Mtu asiyeweza kukutajia mwaka wowote ataweza kukuonyesha dirisha lilipokuwa, na kupitia dirisha hilo wataingia watu.

Kaa naye asubuhi, dakika 30 hadi 40, si zaidi. Jioni wazee wengi huchoka na kuchanganya mambo. Ketini wawili tu. Wakiwapo watoto wengine, kila mmoja atamsahihisha na yeye atanyamaza. Mwanga uangukie uso wako ili aone midomo. Kama hasikii vizuri, usipaze sauti: usikivu wa uzeeni hupoteza sauti nyembamba kwanza, na mtu akipiga kelele sauti yake hupanda na kuwa nyembamba. Ongea taratibu, kwa sauti nzito.

Simu yako inatosha kurekodia. Iweke kwenye hali ya ndege, umbali wa sentimita 30 hadi 40 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, maana meza tupu hubeba kila mgongano wa kikombe. Zima televisheni, feni, na friji kama iko karibu (friji huisikii kwa sababu umeizoea, kinasa sauti hakijaizoea). Rekodi dakika moja ya majaribio, uisikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Maneno ya kwanza yawe tarehe, mahali, na majina yenu wawili. Baada ya jibu, hesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya swali jingine. Mengi mazuri huja baada ya ule ukimya, na warekodi wengi huuziba kwa haraka. Akimchanganya mtoto huyu na yule, mwache. Andika pembeni, uhakikishe kwa wengine baadaye.

Kuna jambo moja zaidi, kwa sababu umesema mama yako ni mtoaji. Watoaji hawasimulii walichotoa. Ukimuuliza atakuambia "si kitu". Muulize badala yake: nani alikusaidia ulipokuwa huna? Hapo atasema, na mara nyingi utakuta ukarimu wake una mwalimu. Alichotoa yeye kiulizeni kwa waliopokea.

Mwulize pia, rekodi ikiwa inaendelea, ni yapi yasitoke nje ya familia. Faili zipe majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, zitajipanga zenyewe. Usijipe mzigo wa kuandika neno kwa neno: saa moja ya mazungumzo huchukua saa 4 hadi 6 kuichapa, ndiyo maana kazi hiyo huachwa njiani. Andika faharasa tu, mstari mmoja kwa kila dakika 5: "dakika ya 15, safari ya kwanza ya mjini".

Mama alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp karibu kila siku. Naogopa kuupoteza. – Aliye mbali

Una haki ya kuogopa. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika hufutwa baada ya siku 120, na laini ya simu isiyotumika kampuni huweza kuichukua na kumpa mtu mwingine. Ujumbe ulio kwenye simu yako haufutiki kwa sababu hiyo, lakini simu huibiwa, huanguka na hubadilishwa. Fungua mazungumzo yenu, nenda kwenye chaguo la kuyatoa nje, chagua pamoja na picha na sauti, ujitumie kwa baruapepe au uhifadhi moja kwa moja. Kisha fungua faili kadhaa kwenye kompyuta uhakikishe zinasikika. Mazungumzo marefu sana huenda yasitoke yote kwa mara moja, na ya zamani ndiyo hukatwa. Linganisha tarehe ya kwanza. Zilizobaki nje hamisha moja moja.

Laini yake ifungeni baada ya kuondoa namba hiyo kwenye benki, baruapepe na kila mahali ilipotumika kupokelea namba za siri, si kabla.

Tuna albamu tatu za picha, nyingine zimegandana, nyingine zimekuwa nyekundu. Tuanzie wapi? – Wajukuu

Anzeni na majina, si na skana. Picha inaweza kusubiri mwaka mmoja, mzee pekee anayemjua yule aliyesimama wa pili kushoto huenda asisubiri. Pigeni kila ukurasa wa albamu kwa simu, mkae na wazee, mwandike namba na majina. Nyuma ya picha za karatasi ya kawaida andikeni kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Picha nyingi za kuanzia miaka ya 1970 zina mgongo wa plastiki usioshika penseli: tumieni kalamu ya wino usiofutika, muache ukauke kabla ya kupanga picha juu yake. Kalamu ya wino ya kawaida huchoma hadi upande wa uso.

Albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu ndizo mbaya kuliko zote, gundi yake huila picha. Msivute kona. Pitisheni uzi wa kusafishia meno kati ya picha na ukurasa, mkiuvuta uzi polepole huku na huku kama msumeno kutoka pembeni. Isipotoka, pasheni ukurasa moto kwa nyuma kwa kikaushio cha nywele kikiwa kwenye moto mdogo kabisa, sekunde chache chache. Ikikataa bado, iacheni, mskani ukurasa mzima. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu nayo skanini hivyo hivyo ikiwa na kioo chake. Mwenye kulazimisha hubaki na uso wa mama kwenye kioo na karatasi nyeupe mkononi.

Kipimo cha skana kinategemea ukubwa wa picha. Picha ya kawaida, nukta 600 kwa inchi. Picha ndogo ya pasipoti, 1,200. Negativu, 2,400 au zaidi, na mkiwa nazo zitangulizeni, zina mengi kuliko picha iliyosafishwa kutokana nazo. Hifadhini nakala mama, yaani ile ya kwanza isiyohaririwa, kwa faili la aina ya TIFF, za kutumiana kwa JPEG, kwa sababu JPEG hupoteza kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama hati, ama sivyo itapunguzwa.

Wekundu hutokea kwa sababu rangi tatu za picha hazifi pamoja, na katika picha nyingi za miaka ya 1960 na 1970 rangi ya samawati hutangulia, hata zikiwa gizani. Programu ya kompyuta inaweza kuirudisha kwa kiasi kwenye nakala. Nakala mama msiiguse. Na tafadhali, msiweke rangi za kubuni kwenye picha nyeusi na nyeupe halafu mkaitundika bila kusema: miaka 20 baadaye mtu ataapa kwamba gauni lile lilikuwa la kijani.

Hesabu ya usalama ni nakala 3, katika aina 2 za vifaa, moja ikiwa nyumba nyingine au mtandaoni. Flashi moja kwenye kabati si hifadhi.

Nina kaseti ya sauti ya mama ya zamani sana. Naweza kuicheza tu? – Mwenye kaseti

Kwanza iangalie kupitia kidirisha. Ukiona vumbi jeupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu: usiicheze, mpelekee fundi wa sauti. Kama ni safi, vunja vijino viwili vya juu ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya. Safisha hedi ya redio, kile kichwa cha chuma kinachogusa utepe, kwa pamba na spiriti, iache ikauke, halafu peleka utepe hadi mwisho na uurudishe mara moja ili ukae sawasawa. Sauti ikiwa hafifu, tazama kama kile kijisponji kidogo kilicho nyuma ya utepe kimeanguka. Kikianguka, utepe huhamishiwa kwenye kasha la kaseti nyingine yenye skrubu.

Unganisha kwa waya kwenye kompyuta, rekodi kwa faili la aina ya WAV, na usiruhusu sauti ifike ukomo wa juu kabisa. Kaseti ya C-90 itachukua dakika 45 kila upande, hakuna njia ya mkato. Faili ndefu ya kwanza ihifadhi ilivyo, pamoja na mikwaruzo. Ukisafisha, safisha nakala.

Tangu mama afariki watu wanakuja. Mmoja anasema mama alikuwa akimlipia mtoto wake ada. Mwingine anadai aliahidiwa. Mwingine ameleta hela alizokopa. Hatukujua lolote. – Watoto wanne

Hii ndiyo barua iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote, kwa sababu mambo manne yamechanganyika na kila moja lina kanuni yake.

Madeni aliyodaiwa mama hulipwa kabla ya urithi kugawanywa, na hulipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, si mifukoni mwenu. Ombeni ushahidi bila haya: karatasi, ujumbe, shahidi. Madeni aliyowadai watu ni mali ya warithi wote. Mtoto mmoja hana mamlaka ya kusema "tumesamehe" akiwa peke yake sebuleni. Huyo aliyeleta hela mpokeleeni, wawili wenu mtie sahihi, mmpe risiti, na mumshukuru sana, maana angeweza kukaa kimya.

Ada ya mtoto si deni kisheria, kwa kawaida, lakini kuna mtoto yuko katikati ya mwaka. Familia hukosea namna mbili. Ama siku ya mazishi mtu anasimama kwa uchungu na kutangaza "yote aliyofanya mama tutaendeleza", na ndani ya miezi mitatu hakuna anayetuma; ama wananyamaza, na mwenye kutegemea anagundua siku ya kufukuzwa shule. Fanyeni jingine: ndani ya mwezi wa kwanza mwambieni mmoja mmoja, kwa faragha, mtalipa nini na hadi lini. "Hadi mwisho wa mwaka huu wa masomo" ni jibu la heshima. Gawaneni kwa uwezo, si kwa usawa. Ahadi za mdomo zisizo na shahidi ni vigumu kuzithibitisha kisheria, zipimeni kwa kumjua mama: je, inafanana naye?

Ili kujua ni nani wengine, pitieni daftari lake na orodha ya miamala ya miezi 12. Kiasi kile kile kinachokwenda kwa mtu yule yule kila mwezi ni msaada wa kudumu. Miamala hiyo aombe msimamizi wa mirathi kwa utaratibu. Namba ya siri ya mama msiitumie kutoa fedha hata kama alimpa mmoja wenu mwenyewe, ruhusa ile iliisha alipofariki, na ndugu wa leo anaweza kuwa mlalamikaji wa kesho.

Mkitaka utoaji wake udumu kwa jina lake, msianze na mfuko mkubwa. Mfuko unaotumia faida tu, tuseme asilimia 4 kwa mwaka, unahitaji mtaji mara 25 ya mnachotaka kutoa. Familia nyingi hazina. Mchango wa kila mwaka kwa jambo moja, mnufaika mmoja kwa wakati, watia sahihi wawili na taarifa ya ukurasa mmoja unawezekana. Mifuko ya familia hufa kwa kuchagua mambo matano mwaka wa kwanza.

Na majina ya waliosaidiwa yasitajwe hadharani kabla hawajaulizwa. Mama aliwapa kwa siri, siri hiyo bado ni yao.

Watu wote wanalia mama yetu mkarimu. Kwetu alikuwa mkali, na vingi alivyogawa vilikuwa vyetu. Nimwandikeje bila unafiki? – Mwenye moyo mzito

Andika yote mawili, kila moja kwa kipimo chake. "Hakuwa mama mwepesi. Kosa hakuliacha lipite, na mara nyingine kilichokuwa chetu kilimfikia mwenye shida kabla yetu." Sentensi mbili kama hizo, zikisemwa bila kukunja uso, wasikilizaji waliomjua watatikisa kichwa kukubali, na sifa zitakazofuata zitaaminika zaidi. Acha nje kisa kinachomtaja mtu mwingine aliye hai, na kisa ambacho hujawahi kumweleza yeyote. Kipaza sauti si mahali pa kukisema kwa mara ya kwanza. Hicho kiandike kando, bila kukata kitu, na uamue baada ya miezi sita kama kina msomaji.

Kumbukumbu ya mwaka tunabishana: kaka anahesabu kwa kalenda ya kawaida, dada kwa Hijria. – Waliogawanyika

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, basi tarehe ya dada itatangulia ya kaka kwa siku 11 hivi, na pengo litaongezeka kila mwaka. Mnaweza kufanya dua kwa hesabu ya dada na mkutano wa familia kwa ya kaka. Andikeni tarehe zote mbili sasa mkiwa bado mnazijua.

Nguo zake tuzihifadhi vipi? Na jiwe la kaburi liwekwe lini? – Mume wake

Pole sana, mzee wetu. Nguo zifuliwe, zisuuzwe sana, wala zisitiwe wanga, maana wadudu huupenda. Zikauke kabisa. Zizungushwe kitambaa cha pamba cheupe kilichofuliwa, si mfuko wa plastiki, na zisigusane na mbao tupu za kabati. Ni bora kuzungusha kama mkeka kuliko kukunja, mkunjo ukikaa mahali pamoja miaka mingi hukatika. Kama mnataka moja ibaki na harufu yake, hiyo msiifue, ikae peke yake kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko, mkijua kwamba kila kukifungua kunapunguza.

Jiwe lisubiri miezi 6 hadi 12 udongo ukae, likiwekwa mapema hupinda au kupasuka. Itale hudumu kuliko marumaru, ambayo huliwa na mvua yenye asidi. Herufi zisipungue sentimita 2.5. Kabla fundi hajachonga, adai sahihi yako kwenye mchoro wa ukubwa halisi, na mchoro huo usomwe na watu wawili ambao hawakuuandika, herufi kwa herufi, wakianzia mwisho kurudi mwanzo. Kusafisha ni maji matupu na brashi laini. Dawa ya madoa, asidi na brashi ya waya huacha jiwe likinywa uchafu zaidi ya mwanzo.